Bendera Nyekundu ya Pwani: Neno, Desturi na Siasa

Neno “bendera” ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji katika lugha yetu. Asili yake ni Kireno, nalo liliingia pwani pamoja na ndugu zake, “meza”, “kasha” na “karata”, zamani za Wareno. Kamusi za zamani zina pia neno “beramu”, lakini siku hizi halisikiki ila kwa nadra. Linalostahili kutazamwa zaidi ni kitenzi chake. Watu wa pwani walisema “kutweka bendera”, kama wasemavyo “kutweka tanga”. Kwa hiyo twaona kwamba bendera ilijulikana kwanza kuwa kitu cha chombo na cha bahari, kabla ya kuwa kitu cha boma na cha uwanja wa shule. Methali nayo yashuhudia jambo hilo, maana husema, “Bendera hufuata upepo”, na mwenye kuijua hali ya upepo ni baharia.

Katika bahari bendera ilijibu swali moja: chombo hiki ki chini ya sheria ya nani? Bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu, haina nyota wala maandishi. Manahodha walijua faida ya rangi. Wakati Waingereza walipokuwa wakisimamisha majahazi ili kutafuta watumwa, baadhi ya watu wa Sur, katika nchi ya Oman, walijipatia hati za Kifaransa na kutweka bendera ya Ufaransa, kwa sababu manowari za Kiingereza hazikuwa na haki ya kupekua chombo cha Kifaransa. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi, hata ukapelekwa mbele ya waamuzi wa Hague. Mwaka 1905 waamuzi hao walikata shauri kwamba, tangu mwanzo wa mwaka 1892, Ufaransa haikuwa na ruhusa ya kuwapa raia wa Sultani wa Muskat bendera yake, ila wale waliokwisha kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Basi hapo bendera ilikuwa vazi la kujisitiri, na aliyeivaa hakulazimika kuipenda nchi yenye bendera hiyo.

Hata ilipopanda barani, bendera ilipewa kazi nyingine. Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakifanya mikataba na wakuu wa nchi, mmoja wao akiwa Mangungo wa Msovero. Desturi yao ilikuwa moja: maneno ya Kijerumani yaliandikwa katika karatasi, bendera ikatwekwa, bunduki zikapigwa hewani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sultani Barghash bin Said alipinga, lakini mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akakubali. Katika safari hizo bendera ilikuwa kama muhuri wa hati ya shamba. Tofauti ni kwamba muuzaji hakuweza kuisoma hati, na pengine hakudhani kwamba ameuza kitu.

Lakini jambo lililodhihirisha nguvu ya kitambaa hiki lilitokea Mrima, mwaka 1888. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yamemwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi kwa upana. Barghash alifariki Machi 1888, na nduguye Khalifa bin Said akamrithi. Mwezi wa Aprili Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuipa kampuni ya Wajerumani usimamizi wa pwani kwa muda wa miaka hamsini, pamoja na forodha. Mkataba ulisema kwamba kampuni itafanya kazi hiyo kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Msomaji na ayapime maneno hayo. Bendera nyekundu ibaki mlingotini, watu waitazame na kudhani kwamba mambo ni yale yale. Chini yake mtoza ushuru, mwamuzi na mwenye amri ni wengine. Hilo ndilo vazi lile la manahodha wa Sur, ila safari hii lilivaliwa na serikali nzima.

Wala kampuni haikuridhika na hilo. Mwezi wa Agosti wajumbe wake walipofika katika miji ya Mrima, walitaka bendera ya kampuni nayo itwekwe. Huko Pangani mjumbe wao, Emil von Zelewski, alishindana na liwali, Abdulgawi bin Abdallah, aliyekataa kumtii bila amri iliyo wazi kutoka Unguja. Askari wa manowari wakashushwa pwani, na bendera ya kampuni ikatwekwa kwa nguvu. Bagamoyo pia palikuwa na ugomvi juu ya bendera ya Sultani, kama ipepee kwa liwali au kwenye nyumba ya kampuni. Mtu wa mbali angeweza kucheka na kusema, “Wanagombea mti na nguo.” Lakini wenyeji walielewa sana: mlango ambao bendera inasimama mbele yake ndio mlango wa kupeleka shauri, ushuru na heshima.

Mwanzoni mwa Septemba watu wa Pangani walimzuia Zelewski ndani ya nyumba. Sultani akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa majeshi yake, pamoja na askari. Mathews aliwatoa Wajerumani salama, lakini yeye naye hakupokewa, akalazimika kurudi Unguja. Moto ukaenea pwani nzima. Kilwa wajumbe wawili wa kampuni waliuawa. Aliyejulikana kuliko wote katika vita hivyo ni Abushiri bin Salim.

Hapa pana fumbo linalofaa kufikiriwa. Ikiwa watu wa Pangani walikasirika kwa ajili ya bendera ya Sultani, mbona walimkataa jemadari wa Sultani mwenyewe? Nionavyo mimi, jibu ni kwamba hawakupigania kitambaa, wala hawakumpigania sana aliyeketi Unguja. Kwa majumbe na matajiri wa Mrima bendera nyekundu ilikuwa alama ya mapatano ya zamani: Sultani apate ushuru wake, nao waachiwe heshima yao, zawadi zao, biashara yao ya misafara na uamuzi wa mambo ya mji. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, lakini kila mtu aliyajua. Sultani alipoyauza bila kuwauliza, bendera yake ilibaki juu lakini maana yake ilikuwa imekwisha kushuka. Kwa hiyo waliikataa ya kampuni, na ile ya Sultani haikuwatuliza tena.

Mwisho wake wajulikana. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann mwaka 1889 na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo. Mwaka 1890 ilikubaliwa kwamba Sultani alipwe marki milioni nne, naye akaiacha Mrima kabisa. Kuanzia Januari 1891 Serikali ya Kaisari yenyewe ikatawala kwa bendera yake.

Unguja nayo ilipata somo lake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti bila kibali chao. Vita havikutimia saa moja. Mizinga ilinyamaza bendera ya jumba ilipoangushwa. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kisha akawekwa Hamoud bin Mohammed, na bendera iliyotwekwa juu yake ilikuwa nyekundu ile ile. Rangi haikubadilika hata kidogo; aliyeamuru ndiye aliyebadilika.

Mombasa bendera hiyo iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, hali Waingereza ndio waliotawala pwani na kumlipa Sultani kodi kila mwaka. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, baadhi ya watu wa Mwambao waliikumbuka na kudai kwamba pwani yao ni nchi mbali. Wengine wakaiona kuwa masalia ya utawala wa kigeni. Katika Oktoba 1963 Sultani aliiacha haki yake, na tarehe 12 Desemba pwani ikaingia katika uhuru wa Kenya nzima. Siku mbili kabla yake Unguja ilikuwa imepata uhuru kwa bendera nyekundu yenye karafuu mbili katika duara la kijani. Nayo ilidumu kwa mwezi mmoja tu, hata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Tanganyika ilikwisha kutweka bendera yake usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na Alexander Nyirenda akaipeleka juu ya kilele cha Kilimanjaro. Mwaka 1964 nchi mbili zilipoungana, rangi ya buluu iliongezwa katika zile za kijani, nyeusi na dhahabu. Mwaka 2005 Zanzibar ilijiwekea bendera yake, nayo ina ile ya Muungano katika pembe yake. Wanaobishana juu ya bendera hiyo hubishana kwa kweli juu ya mapatano ya Muungano, kama walivyofanya watu wa Pangani juu ya mapatano yao.

Sisi walimu huwafundisha watoto kusimama wima bendera inapotwekwa, na ni vema, kwa kuwa heshima hujifunzwa utotoni. Lakini tusiishie hapo. Mtoto aulizwe pia: bendera hii inakuahidi nini, nawe umeiahidi nini? Nani aliulizwa kabla haijapandishwa? Mtawala huweza kutweka bendera kwa kamba na kwa askari wachache, kama ilivyofanywa Pangani. Kuipenda nchi ni jambo jingine, na hilo huja pale ambapo watu wanajua kwamba neno lao limo katika mapatano yanayopepea juu ya vichwa vyao. Pasipo hayo, bendera hufuata upepo tu, na waliosimama chini yake hufuata bendera.