Hekalu la Makindu na Kaburi la Mackinnon Road: Urithi wa Nani?

Mahali pa ibada palipojengwa na mgeni huhesabiwa lini kuwa pa wenyeji? Swali hili huulizwa kuhusu Thailand, ambako mahekalu ya wahamiaji wa Kichina huingiwa pia na Wathai wanaotafuta baraka. Afrika ya Mashariki nayo inayo mifano yake, kandokando ya reli itokayo Mombasa.

Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walifariki, na wapatao 6,700 walibaki. Huko Makindu, Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926; msafiri wa dini yoyote hupewa humo chakula bila malipo. Huko Mackinnon Road lipo kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mwislamu aliyefanya kazi ya reli. Yasimuliwa kwamba karai alilobebea udongo lilielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Hata leo wasafiri husimama hapo kuomba dua.

Isimu nayo yatoa ushahidi wake. Neno karai asili yake ni Kihindi, sawa na gari na chapati. Wala hakuna Mswahili ayatamkaye akidhani kwamba anasema lugha ya kigeni. Chapati imefika hata Bunia, mahali ambapo reli hiyo haikufika kamwe.

Huenda ikapingwa kwamba anayekula Makindu hajawa Singasinga. Ni kweli, hakubadili dini. Lakini asemaye gari naye hakuwa Mhindi. Katika hali zote mbili, kitu kimepokewa na watu ambao hawakukitengeneza, kikaingia katika desturi zao.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, kwa hoja kwamba wao ni wageni. Historia inayoweka mahekalu na makaburi haya katika sura ya wageni peke yake hurudia hoja hiyo bila kukusudia. Yafaa basi wanafunzi wa Kiswahili wayaandike masimulizi ya Makindu na Mackinnon Road pamoja na historia ya maneno yaliyokuja kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa yote mawili ni mali ya watumiaji wake.