Lamini A na C

Lamini A na lamini C ni protini mbili zinazotokana na jeni moja, LMNA, iliyoko kwenye kromosomu namba 1. Zimefumana kama wavu chini ya utando wa kiini cha seli, upande wa ndani, na wavu huo ndio unaokipa kiini umbo na uimara. Pia hushikilia sehemu za DNA na kuchangia kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zilale.

Habari za magonjwa ya lamini zilianzia kwenye viwiko. Mwaka 1966 Alan Emery na Fritz Dreifuss walieleza ukoo mmoja wa Virginia, Marekani, ambao wanaume wake walishindwa kunyoosha mikono, wakatembea kwa vidole kwa sababu kano za visigino zilikaza, na baadaye wakapata hitilafu za moyo. Mwaka 1994 ilijulikana kuwa wagonjwa wa aina hiyo wana kasoro ya emerini, protini jirani ya lamini, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwaka 1999 ikawa zamu ya LMNA, tena kwa namna mbili: kwa wenye viwiko vilivyokaza, na kwa koo ambazo misuli ya viungo ilikuwa salama huku moyo ukitanuka na kudhoofika.

Kwa nini moyo? Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huvuta viini vya seli zake. Kiini chenye wavu dhaifu hukunjamana, hata kupasuka. Maelezo haya yanavutia ila hayatoshi, kwani lamini zimo karibu katika kila seli, na kasoro zake huvuruga pia utendaji wa jeni nyingine.

Ugonjwa kwa kawaida hutangulia kwenye umeme wa moyo. Kipimo cha ECG huonyesha mawimbi ya umeme yakichelewa kushuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, wakati mwenyewe bado anajiona mzima. Kizunguzungu na kuzimia hufuata. Hapa ndipo penye mtego: pesimeka, kifaa kinachochochea mapigo, huzuia moyo usipige polepole mno, lakini haizuii mapigo ya kasi ya vyumba vya chini yanayoua ghafla. Kwa hiyo wengi huhitaji kifaa kinachoweza pia kuushtua moyo.

Kila mtoto wa mgonjwa wa LMNA ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi kasoro hiyo. Mmoja akithibitika kuwa nayo, wazazi, ndugu na watoto wake nao wapimwe, hata wasiohisi chochote.