Mdomo kwa Sikio: Historia ya Waya wa Kompyuta Mbili

Leo naomba tuongee kuhusu waya. Juzi kijana mmoja ninayefanya kazi naye alitaka kunipa faili ya gigabaiti 60. Akaanza kuipandisha kwenye intaneti ili mimi niishushe, na tumekaa meza moja! Nikatoa waya wa mtandao kwenye droo, nikachomeka huku na huku, na chai haijapoa kazi ikawa imekwisha. Akaniuliza, "Kumbe inawezekana?" Ndiyo, na ni mambo ya zamani.

Tuanzie RS-232, kiwango kilichotolewa Marekani mwaka 1960. Hicho kilikusudiwa kuunganisha kifaa na modemu, si kompyuta na kompyuta. Ukiunganisha kompyuta mbili kwa waya ulionyooka, pini ya kusema ya huyu inakutana na pini ya kusema ya yule: mdomo kwa mdomo, hakuna anayesikia. Dawa yake ni kukatisha nyaya, kusema kwa huyu kuende kwenye kusikia kwa yule. Nyaya tatu tu zilitosha: mbili zilizopishana na moja ya adhi.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Traveling Software ya Marekani ilijulikana kwa programu ya LapLink, iliyouzwa pamoja na waya wake. Kompyuta za mapajani zilikuwa zimeingia na watu walitaka kuhamisha kazi zao. Mwaka 1993 MS-DOS 6.0 ilikuja na INTERLNK, na mwaka 1995 Windows 95 ikaleta Direct Cable Connection. Ila mwendo ulikuwa wa kobe. Kwa biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti ikila biti 10 njiani, unapata kama kilobaiti 11 kwa sekunde. Diski moja ya megabaiti 1.44 ilichukua zaidi ya dakika mbili. Waliotaka haraka walitumia soketi ya printa, iliyopitisha biti nne kwa mpigo.

Halafu ikaja Ethernet ya nyaya zilizosokotwa, 10BASE-T, mwaka 1990. Tatizo lilikuwa lile lile: kadi za pande zote mbili husemea pini 1 na 2 na kusikilizia 3 na 6. Bila swichi katikati, ilibidi kukatisha 1 na 3, na 2 na 6.

Hapo ndipo nilipoumia. Mwaka 2004 niliitwa na karani wa chama kimoja cha akiba. Kompyuta yao ya Windows 98 ilikuwa imeanza kugonga ndani, tk-tk-tk, na kila fundi anajua diski ikigonga hivyo siku zake zimehesabika. Ndani mlikuwa na megabaiti 300 za hesabu za akina mama waliochanga miaka sita, na hakuna nakala. Flashi yangu haikutambuliwa bila programu yake ya kuiendesha. Diski ndogo? Zingehitajika zaidi ya 200. Nikachomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu. Taa hazikuwaka. Nilikuwa nimebeba waya ulionyooka!

Karani ananitazama, diski inagonga. Nikakata ncha moja, nikapanga nyaya upya, nikabana plagi mpya. Taa zikawaka. Nikaandika 192.168.0.1 huku na 192.168.0.2 kule, na baada ya dakika kama kumi hesabu zote zilikuwa kwangu. Wiki iliyofuata ile diski haikuamka tena.

Siku hizi kosa langu halimpati mtu kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Hewlett-Packard walibuni Auto-MDIX: kadi yenyewe hugeuza mdomo na sikio mpaka wasikilizane. Na ili pande mbili zisigeuke pamoja milele, kama watu wawili wanaopishana kwenye ujia mwembamba, kila moja hugeuka kwa muda wa kubahatisha. Hata anwani hujipa zenyewe, zile za 169.254, kwa utaratibu ulioandikwa rasmi mwaka 2005.

Kwa nini nasimulia haya? Sisi tuliojifunza kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009 tulijua bei ya kila megabaiti, kwa hiyo waya ulikuwa rafiki. Sasa intaneti ni ya kasi na tumesahau kwamba data inaweza kutembea futi mbili bila kuzunguka dunia. Intaneti ikikatika, au mashine ikianza kugonga, hutakuwa na muda wa kujifunza.

Basi weka waya mmoja kwenye mkoba. Na leo, kabla hujalala, fanya nakala ya faili zako.