Umoja na Wingi wa Nomino za Kiingereza: Historia Nyuma ya Makosa

Utangulizi

Walimu wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki wana orodha ya makosa wanayoijua kwa ghibu: "informations", "furnitures", "equipments", "evidences", "sheeps", "these news are". Makosa hayo hupigwa mistari myekundu mwaka nenda mwaka rudi, na sababu inayotolewa aghalabu ni moja: mwanafunzi ameathiriwa na lugha yake ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu hiyo haitoshi, na kwamba sehemu kubwa ya maelezo imo katika historia ya Kiingereza chenyewe. Tangu Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ipendekeze Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tokea darasa la kwanza, Kiswahili na lugha zetu nyingine zimebebeshwa lawama nyingi za makosa ya darasani. Ni haki lawama hizo zipimwe kabla ya kukubaliwa.

Mfumo wa Kale

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, hakikuwa na kanuni moja ya wingi. Nomino zilikuwa katika makundi, na kila kundi lilikuwa na njia yake. Neno "stan", jiwe, lilikuwa "stanas" katika wingi. "Nama", jina, lilikuwa "naman". "Fot", mguu, lilibadili irabu ya ndani likawa "fet". "Cild", mtoto, lilikuwa "cildru". Nalo "deor", mnyama, halikubadilika hata kidogo. Msomaji aliyezoea ngeli zetu hatashangazwa na hali hiyo, ijapokuwa makundi ya Kiingereza yalitambulikana kwa viambishi tamati na kwa jinsia ya kisarufi, si kwa viambishi awali.

Baadaye irabu za silabi zisizotiwa mkazo zilififia, na tofauti za makundi zikapotea pamoja nazo. Mabadiliko hayo yalitangulia kaskazini, mahali ambapo Waingereza walikuwa wamechanganyika na walowezi wa Kiskandinavia, na huko ndiko kiambishi cha "-s" kilikoenea mapema. Kusini kiambishi cha "-en" kilidumu zaidi, hata Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "eyen" kwa maana ya macho. Hatimaye "-s" ilishinda, na mabaki ya mfumo wa zamani ni machache: "oxen", "feet", "sheep", "deer". Neno "children" lina alama mbili za wingi: "r" ni ya "cildru", na "-en" iliongezwa watu walipokuwa hawaihisi tena ile ya kwanza. Basi mwanafunzi anayeandika "sheeps" anaendeleza kanuni ileile iliyokwisha kushinda, na anayeandika "childrens" kwa maana ya watoto anatia alama ya tatu juu ya mbili.

Makosa Yaliyogeuka Kuwa Kanuni

Nguvu za "-s" zilikuwa nyingi kiasi kwamba Waingereza wenyewe waliisikia mahali isipokuwapo. Neno "pease" lilikuwa la umoja. Sauti yake ya mwisho ikadhaniwa kuwa ni alama ya wingi, na katika karne ya 17 likazaliwa neno "pea". Neno la Kinormani "cherise" lilipatwa na mambo hayohayo likawa "cherry". Neno "riches" limetokana na "richesse" la Kifaransa, ambalo ni la umoja, lakini leo hutumiwa kama la wingi. Kinyume chake, "news" lilikuwa la wingi, na sasa hupatanishwa na kitenzi cha umoja. "Agenda" na "stamina" ni wingi katika Kilatini, lakini katika Kiingereza cha leo ni umoja.

Hapana budi tukumbuke kwamba Waswahili walifanya vivyo hivyo. Neno "kitabu" la Kiarabu lilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa "vitabu". Kadhalika kile kipande cha gari kinachozuia tope kiliitwa "madigadi" kwa kufuata Kiingereza, kisha kimoja kikaitwa "digadi". Hakuna mwalimu anayepiga mstari mwekundu chini ya "vitabu".

Je, Lugha ya Kwanza Ndiyo ya Kulaumiwa?

Hatukanushi kwamba athari ya lugha ya kwanza ipo. Anayesema "habari hizi" ana sababu ya wazi ya kuandika "these news", na "vifaa" huweza kumpeleka kwenye "equipments". Lakini tuchukue "evidences". Kwa Kiswahili husemwa "ushahidi huu", na neno hilo halina wingi. Lau lugha ya kwanza ingekuwa ndiyo chanzo pekee, Mswahili asingelikosea hapa kamwe. Naye hukosea.

Historia inatoa maelezo mengine. Mwaka 1794 mwanatheolojia Mwingereza William Paley alichapisha kitabu kuhusu ithibati za Ukristo, na katika anwani yake neno "evidences" lilikuwa la wingi bila ya kumkera mtu. Hata leo "information" kwa maana ya hati ya mashtaka mahakamani huhesabika. Mpaka kati ya nomino zinazohesabika na zisizohesabika haukutokana na maumbile ya vitu. Umechorwa na mazoea, na mazoea hayo yamesogea. Mfaransa huhesabu "informations" katika lugha yake, na viti na meza ni vitu vinavyohesabika katika kila nyumba. Mwanafunzi anayeandika "furnitures" ametumia mantiki; kilichomshinda ni desturi.

Hitimisho

Hatusemi makosa hayo yaachwe. Mtihani hupima matumizi ya leo, na mwanafunzi asiyesahihishwa ndiye atakayeumia. Tunasema yatambuliwe kwa aina zake. "Sheeps" na "childrens" ni kanuni hai iliyovuka mpaka wake. "A criteria" ni wingi wa Kigiriki usiotambulikana. "Evidences" na "informations" ni maneno ambayo Kiingereza kimeyahamisha upande mmoja hadi mwingine. Kila aina yataka maelezo yake, na mwalimu hawezi kuyatoa ikiwa jibu lake la pekee ni "lugha mama". Kwa hiyo yafaa historia ya Kiingereza, pamoja na sarufi linganishi ya lugha zetu, ifundishwe katika vyuo vya ualimu. Hapo mwalimu ataweza kumsahihisha mwanafunzi pasipo kumfundisha kuionea haya lugha ya nyumbani kwao.