Kuchemsha Jumamosi, Kukaanga Jumatatu: Historia ya Maharagwe ya Friza Nairobi

Katika nyumba nyingi za Mountain View, mtaa ulio kando ya Waiyaki Way ukipakana na Kangemi, sehemu kubwa ya friza haishiki nyama wala aiskrimu. Hushika maharagwe. Huchemshwa mwishoni mwa wiki, hupoozwa, hugawanywa katika vibakuli vya mlo mmoja mmoja, kisha hugandishwa; na siku ya kazi, mtu anaporudi kutoka mjini usiku umeingia, kinachombakia ni kukaanga kitunguu na nyanya. Wapo wanaoiona desturi hii kuwa mtindo wa kigeni, uliokuja pamoja na vitabu vya mapishi vya Marekani na sufuria za umeme za maduka makubwa. Mimi nashikilia kwamba wamekosea. Friza ni mgeni wa juzi, lakini namna ya kupika inayoihudumia ni kongwe kuliko jiji lenyewe, na kilichoipeleka namna hiyo ndani ya friza si kuiga wageni. Ni bei ya moto na saa za kazi za wanawake.

Tuanze na punje. Mahindi makavu na maharagwe makavu hayalainiki upesi. Yakikaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hukaza zaidi, na hata kuyaloweka usiku kucha hakusaidii sana; ndiyo maana wapishi wengi wa Kenya hutia magadi kidogo, ingawa magadi hupunguza baadhi ya vitamini. Chakula kinachodai moto wa saa mbili au tatu hakiwezi kupikwa upya kila jioni. Wagikuyu waliokaa katika vilima vya Kabete kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899 walilijua hilo vizuri. Chungu cha udongo kilitelekwa juu ya mafiga matatu, moto uleule ukipasha nyumba na kukausha kuni za kesho, na kilichoiva hakikuliwa chote kwa mkupuo. Sehemu ililiwa siku hiyo, sehemu ikapashwa moto siku ya pili, sehemu ikapondwa pamoja na ndizi, majani ya mboga au viazi ikawa mukimo. Njahi, maharagwe meusi, zilichemshwa kwa wingi kwa ajili ya mama aliyejifungua, apate kula mara nyingi bila moto kuwashwa kila mara. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, basi, tangu mwanzo ilikuwa chakula cha hatua mbili: kwanza kazi ndefu ya kuchemsha, inayofanywa mara moja kwa wingi, kisha kazi fupi ya kukitayarisha kwa mlo. Kitunguu, nyanya na mafuta ya kukaangia vilipoenea katika karne ya 20 viliingia kwenye hatua ya pili tu. Ile ya kwanza ilibaki kama ilivyokuwa.

Jiji la kikoloni liliikuta desturi hii likaivunja vipande. Nairobi ilipangwa kwa ajili ya mfanyakazi mwanamume anayelala katika kitanda cha kukodi, huku mke na watoto wakibaki mashambani. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imekadiriwa kwa mtu mmoja na haikutosha familia. Mtu wa namna hiyo hana jiko la kuchungwa saa tatu, wala hana wa kulichunga. Hapo ndipo hatua ya kwanza ilipogeuka biashara. Mwanahistoria Claire Robertson, katika kitabu chake kuhusu biashara ya wanawake wa eneo la Nairobi kati ya 1890 na 1990, ameonyesha jinsi mahindi na maharagwe makavu yalivyokuwa uti wa mgongo wa shughuli za wanawake waliotoka Kiambu kuja mjini wakiwa na mizigo mgongoni, na jinsi serikali ilivyowasumbua. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, hasa baada ya Operesheni Anvil iliyoanza 24 Aprili 1954 na kuwaondoa mjini Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, biashara hiyo ilipigwa vibaya. Haikufa. Kilichouzwa na baadhi ya wanawake hao hakikuwa punje peke yake. Kilikuwa pia githeri iliyokwisha kuiva, kwa kipimo, kwa watu wasioweza kumudu kuni wala muda. Anayeuza chakula kilichochemshwa anauza saa tatu za moto zilizogawanywa kwa wateja hamsini. Kabla ya friza, chungu cha mama huyo ndicho kilichokuwa ghala la chakula kilichoiva la Nairobi.

Kangemi inafaa kutazamwa kwa makini hapa, maana ilikuwa katika maeneo ya akiba ya Wagikuyu, nje ya mji, hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru mwaka 1963. Kwa hiyo jiji na shamba vilikutana papo hapo, na Mountain View ikaota ubavuni mwa wauzaji ambao biashara yao ina mizizi mirefu kuliko nyumba zake. Hata leo mtu aweza kununua kando ya barabara maharagwe au githeri iliyochemshwa, akaenda kuikaanga kwake. Familia yenye friza na familia isiyo nayo zinakula chakula kilekile kwa utaratibu uleule. Tofauti ni mahali pa kukiweka kati ya hatua ya kwanza na ya pili.

Kilichoongeza thamani ya utaratibu huo ni nishati. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena 1979, na Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu mwaka 1981. Kutokana na mjadala wa miaka hiyo lilizaliwa jiko la makaa lenye kauri ndani na bati nje, lililochukua mfano kutoka Thailand na kufuliwa na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo. Jiko hilo lilipunguza sana makaa yaliyohitajika, na lilikuwa na sifa nyingine ambayo wasifiaji wake huitaja kwa nadra: lilihifadhi joto. Ukishapunguza hewa kwa kufunga mlango wake mdogo, makaa hupungua ukali na sufuria huendelea kutokota kwa muda mrefu pasipo mtu wa kuipepea. Kwa maneno mengine, Nairobi ilipata chombo chake cha kupikia polepole miaka ya 1980, kikiwa kimetengenezwa kwa nyundo na mikono ya mafundi wake.

Kisha ikaja gesi. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, ule watu wanaouita meko, ulibadilisha jioni za Nairobi kwa sababu huwaka mara moja na hauna moshi. Lakini meko ni adui wa maharagwe. Sufuria ya githeri hula sehemu kubwa ya mtungi ambayo ingepika chai, mayai na ugali kwa siku nyingi, na kila mama wa nyumba analijua hilo bila kufundishwa. Bei nazo hazikutulia: kodi ya VAT kwa gesi ya kupikia iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Makaa nayo yalipanda baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Tazama mahali uzito ulipoangukia. Kukaanga kwa dakika 15 hakubadiliki sana gesi ikipanda. Kuchemsha kwa saa tatu hugeuka anasa. Nishati inapopanda, akili ya mpishi huelekea palepale: chemsha mara chache, chemsha kwa wingi, uhifadhi.

Hapa ndipo friza ilipokuta kazi ikiisubiri. Ama sufuria ya umeme ya kupika polepole inayotajwa pamoja nayo, anayedhani ilibuniwa kwa ajili ya nyama za Marekani na aitazame historia yake. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza ya chombo hicho mwaka 1940, akichochewa na simulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Lithuania, maharagwe na nyama vilivyopelekwa kwenye tanuri ya mwoka mikate Ijumaa jioni vikaiva usiku kucha. Chombo hicho kiliuzwa kama sufuria ya maharagwe hadi kampuni ya Rival ilipokinunua na kukipa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Vilnius ya Lithuania na Kabete zilikuwa na tatizo moja, nazo zililitatua kwa njia zinazokaribiana: washa moto mara moja, uache muda ufanye kazi.

Hata hivyo chombo cha Naxon hakikushinda Nairobi, na kuna sababu nzuri. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, inayovunjwa tu na mchemko wa kweli wa angalau dakika 10, na wataalamu wa usalama wa chakula hushauri dakika 30. Joto la chini la sufuria ya kupika polepole laweza kushindwa kuifikia hali hiyo, na maharagwe yaliyopikwa nusunusu huweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Mpishi wa Kenya anayependa Rosecoco, ile mbegu ya GLP 2 ambayo wengi huiita Nyayo, hawezi kuitumbukiza tu asubuhi akaenda kazini. Lazima aichemshe kwanza. Ndiyo maana presha kuka ndiyo iliyopendwa, na toleo lake la umeme likapigiwa debe na Kenya Power katika mpango wa Pika na Power. Shinikizo hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, na muda hupungua kuwa chini ya saa moja. Kikapu cha kupikia, kilichotandikwa ndani kwa vitambaa ili kishike joto la sufuria iliyokwisha kuchemka, hufanya kazi ileile bila kutumia umeme hata kidogo.

Zipo hoja za kupinga ninayoyasema. Ya kwanza ni kwamba friza ni mali ya wachache, kwa hiyo kuizungumzia kama mwendelezo wa mila ni kuipamba starehe ya wenye nacho. Ni kweli kwamba ni mali ya wachache. Lakini sijadai kwamba friza ni ya wote. Nimedai kwamba hatua mbili ni za wote, na muuzaji wa Kangemi ni ushahidi. Hoja ya pili ni ya ladha: chakula cha jana hakina utamu wa leo. Kwa samaki au sukuma wiki nakubali. Kwa maharagwe, supu yake huzidi kuwa nzito yakilala, na yakigandishwa pamoja na supu hiyo hayachakai. Ya tatu ni ya stima. Nchi nzima ilipozama gizani usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023, wengi waliwaza vilivyomo katika friza zao. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyo nusu, kama nusu ya muda huo. Hatari kubwa zaidi huwa kabla ya friza, pale sufuria inapoachwa mezani usiku kucha ipoe. Bakteria hupenda maharagwe vuguvugu kama sisi. Yagawanywe katika vibakuli vidogo, yaingie kwenye baridi ndani ya saa mbili.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo siwezi kuipita haraka. Mtu aweza kusema: mnasifu muda uliookolewa, lakini ni muda wa nani? Katika nyumba nyingi za Mountain View anayechemsha si mwenye friza. Ni dada wa nyumbani, au mwanamke anayepanda kutoka Kangemi siku ya Jumamosi kufua nguo na kuinjika maharagwe jikoni wakati huohuo. Vibakuli vya Jumatatu hadi Ijumaa vimejazwa na saa zake. Naikubali hoja hii yote, na naona inaitia nguvu hoja yangu. Chakula rahisi cha familia yenye shughuli hakijawahi kutokana na mashine hapa Nairobi. Tangu enzi za vitanda vya kukodi kimetokana na mwanamke aliyechukua hatua ya kwanza, kwa malipo madogo au bila malipo, ili mwingine afanye ya pili kwa urahisi. Taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda, ziliposhirikiana katika miaka ya 2010 kutengeneza maharagwe yaliyopikwa tayari, ya kupashwa kwa dakika chache, zilikuwa zikihamisha hatua hiyohiyo kwenda kiwandani. Hilo ni jambo jema kwa kuni na kwa muda. Lakini kiwanda hakitamfikia leo wala kesho mteja anayenunua kikombe kimoja jioni, wala hakitamlipa mwanamke ambaye sufuria yake itakosa wateja.

Kwa sababu hiyo nataka wauzaji wa chakula kilichochemshwa wahesabiwe katika mipango ya jiji kama wanavyohesabiwa wauza nguo na wauza mboga. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 28 Agosti 2017 iliwanyang'anya chombo chao cha kufungia bila kuwapa kingine, na wengi bado hupimia wateja katika vyombo vinavyoletwa kutoka nyumbani. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikipanga upya masoko ya upande wa magharibi, Kangemi likiwemo, iwajengee mahali pa kuchemshia: maji safi ya bomba, paa, mita ya stima ya tokeni inayoweza kubeba presha kuka kubwa, na leseni ambayo bei yake haimezi faida ya debe moja la maharagwe.