Tarehe ya Reli ya Ffestiniog

Kabla ya reli, sleti ya Blaenau Ffestiniog ilifika baharini kwa taabu. Ni jiwe la kijivu linaloelekea buluu, hupasuka katika mabamba membamba ya kuezekea nyumba, na milima ya kaskazini mwa Wales imejaa jiwe hilo. Wachimbaji walilitoa chini ya ardhi, wakalipasua kwa patasi na nyundo, kisha likashushwa kwa wanyama wa mizigo na mikokoteni hadi kwenye magati ya mto Dwyryd. Hapo lilipokewa na wenye mashua, watu ambao majirani waliwapachika jina la Wafilisti, wakalipeleka kwenye mdomo wa mto, na huko likapakiwa tena merikebuni. Kila aliyeligusa alidai ujira wake, na kila lilipopakuliwa kulikuwa na vigae vilivyovunjika.

Aliyefungua njia hakuwa na habari na sleti. William Madocks, mbunge na mwenye ardhi, alitaka kuizuia bahari ili fukwe za Traeth Mawr ziwe mashamba. Tuta lake, ambalo wenyeji huliita Cob, lilikamilika 1811, dhoruba ikalitoboa mwaka uliofuata, likazibwa tena 1814. Mto Glaslyn, ulipokuta njia yake imefungwa, ukapinda na kujichimbia mkondo wa kina pembeni mwa tuta, na hapo ikapatikana bandari ya Porthmadog. Madocks alifariki 1828 bila kuona hata behewa moja la sleti likipita juu ya tuta lile.

Mwaka uliofuata Samuel Holland, mwenye machimbo, alikutana na Henry Archer, mfanyabiashara kutoka Dublin. Holland alikuwa na sleti, Archer alijua wenye fedha, wakapanga kujenga reli kutoka machimboni hadi bandari ya Porthmadog. Bunge lilipitisha sheria ya reli hiyo tarehe 23 Mei 1832, na sehemu kubwa ya mtaji ikatoka Ireland. Kazi ya kupima njia alipewa James Spooner, na tarehe 20 Aprili 1836 reli ikafunguliwa: kilomita 21 na ushei, upana wake milimita 597 tu, karibu sawa na reli za mashamba ya mkonge ya Tanga.

Ustadi wa Spooner haukuwa katika upana huo. Aliizungusha njia kwenye mabega ya milima ili ishuke polepole bila kukoma, kiasi cha mita moja kwa kila mita 90 hivi. Mahali pamoja tu palimshinda, kwenye mlima Moelwyn, ambako mabehewa yalivutwa kwa gurudumu la maji kuupanda mgongo wa mlima, kisha yakateremshwa upande wa pili. Mwaka 1842 handaki likakamilika, na tangu siku hiyo mabehewa yaliyojaa sleti yaliteremka kutoka machimboni hadi mwanzo wa Cob kwa uzito wake yenyewe. Kilichohitajika ni watu wa breki wenye moyo mgumu, wakirukaruka juu ya mzigo mvua inyeshe au jua liwake, wakikaza na kulegeza. Farasi waliovuta mabehewa matupu kupanda mlima nao walirudi kama abiria: walipakiwa katika behewa lao na kuteremka wakitafuna majani. Kupanda kulichukua karibu saa 6, kushuka chini ya saa 2.

Mwaka huohuo wa 1842 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Hamburg, na sleti ya Wales ikaenda kuezeka nyumba mpya. Soko la Ujerumani likashika, machimbo yakapanuka, farasi wakaanza kuelemewa. James Spooner alipofariki 1856, usukani ulishikwa na mwanawe, Charles Easton Spooner. Huyu alileta injini za mvuke mwaka 1863, zilizoundwa London na kampuni ya George England, ingawa wahandisi wengi walishikilia kwamba reli nyembamba kiasi hicho haiwezi kubeba injini. Tarehe 6 Januari 1865 reli ikaanza rasmi kuchukua abiria.

Kisha ikaja injini iliyoipa reli sifa duniani. Robert Fairlie alibuni mtambo wenye matangi mawili ya mvuke yaliyopeana mgongo, mpiga moto katikati, magurudumu yakijigeuza kwenye kona. Injini hiyo, Little Wonder, ilifanyiwa majaribio Februari 1870 mbele ya wajumbe wa serikali ya kifalme ya Urusi, na Fairlie akairuhusu reli kutumia uvumbuzi wake bure. Kutoka hapo neno likaenea kwamba reli nyembamba ni rahisi kujenga na ina faida. Kwa maoni yangu wengi walijifunza nusu ya somo. Ffestiniog ilipata faida kwa sababu mzigo mzito ulikuwa unashuka na mabehewa matupu ndiyo yaliyopanda, tena mwisho wa njia palikuwa na merikebu, kwa hiyo sleti ingepakuliwa tu hata kama reli ingekuwa pana. Aliyeiga upana bila kuwa na mteremko aliiga bei ya ujenzi peke yake.

Mwaka 1873 zaidi ya tani 116,000 za sleti zilisafirishwa kutoka Porthmadog. Baada ya hapo reli pana zilifika Blaenau, vigae vya bei nafuu vikaingia sokoni, na vita viwili vya dunia vikamaliza kilichobaki. Abiria waliachwa 1939, sleti ikakoma Agosti 1946.

Hapa ile sheria ya 1832 ikafanya jambo ambalo waandishi wake hawakulikusudia. Haikuwa na kifungu cha kuruhusu reli kufutwa, basi reli hazikung'olewa, zikaachwa vichakani. Mwaka 1951 kijana wa miaka 17, Leonard Heath Humphrys, aliitisha mkutano Bristol wa kuifufua, na 1954 Alan Pegler akapata udhibiti wa kampuni. Treni ikavuka Cob tena Julai 1955. Lakini mamlaka ya umeme ilikuwa imeamua kujenga bwawa huko Tanygrisiau, na sehemu ya njia ikafunikwa na maji. Watu wa kujitolea walichimba njia mpya kuanzia 1965, wakaipandisha juu kwa kuizungusha mpaka ikajivuka yenyewe pale Dduallt, wakapasua na handaki jipya. Walifika Blaenau Mei 1982, wakichukua watalii badala ya sleti.

Karakana ya Boston Lodge, kwenye ncha ya Cob, bado inaunda injini za mtindo wa Fairlie. Ya karibuni ilianza kazi 2023 na imepewa jina la James Spooner, mzee ambaye reli yake ilikuwa ya farasi, na aliyefariki miaka 7 kabla injini ya kwanza haijafika.