Paka wa Angora: Weupe Wake Una Siri Masikioni

Paka wetu wa mitaani twawajua: mweusi, wa milia, wa mabaka, na yule wa rangi ya chungwa asiyebanduka penye samaki. Wengi wao manyoya yao ni mafupi. Lakini siku hizi watu wanavutiwa na paka mweupe wa manyoya marefu wanayemuona kwenye simu, jicho moja buluu na jengine rangi ya kaharabu. Huyo ni Angora wa Uturuki. Jina lake latokana na mji wa Ankara, ambao zamani uliitwa Angora.

Nitaeleza rangi yake yatoka wapi, kwani mna jambo ambalo mnunuzi yafaa alijue kabla hajatoa pesa.

Tuanze na urefu wa manyoya. Jeni (si jini!) ni maagizo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa mama na baba. Jeni iitwayo FGF5 huuambia unywele uache kukua. Mtoto akirithi nakala mbovu pande zote mbili, manyoya hurefuka. Nakala moja haitoshi. Ndiyo maana paka wawili wa manyoya mafupi waweza kumzaa mwenye manyoya marefu. Ikiwa wote wawili wameficha nakala hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne.

Sasa rangi. Paka ana rangi mbili za asili: nyeusi na chungwa. Jeni nyengine huzififisha, nyeusi ikawa kijivu na chungwa ikawa kama maziwa ya krimu. Jeni ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X. Dume ana X moja, basi huwa ama mweusi ama wa chungwa. Jike ana X mbili, hivyo aweza kuwa na zote, mabaka mabaka. Ukimuona paka mwenye nyeusi, chungwa na nyeupe, karibu hakika ni jike. Dume wa namna hiyo ni nadra, na kwa kawaida hazai. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na wa Marekani walitangaza kwamba chanzo cha rangi ya chungwa ni kipande kidogo kilichokatika karibu na jeni ya ARHGAP36.

Na weupe? Weupe wa Angora si rangi, ni pazia. Jeni iitwayo KIT ikibadilika, chembe zinazotengeneza rangi hazifiki kwenye ngozi. Nakala moja tu yatosha kumfanya paka awe mweupe mwili mzima. Chini ya pazia hilo aweza kuwa mweusi au wa chungwa. Wengine huzaliwa na doa dogo kichwani, nalo hufutika wakikua.

Hapa ndipo penye siri. Chembe hizo hizo zahitajika ndani ya sikio na kwenye jicho. Zikikosekana, jicho huwa buluu na sikio laweza kufa mapema. Kwa paka weupe wa kila aina, wenye macho mawili ya buluu huzaliwa viziwi kwa asilimia 65 hadi 85. Mwenye jicho moja la buluu ni kama asilimia 40, na mara nyingi sikio lisilosikia ni la upande wa jicho hilo. Wasio na buluu ni asilimia 17 hadi 22.

Angora si lazima awe mweupe. Bustani ya wanyama ya Ankara iliwahifadhi hasa weupe, na mwaka 1962 baadhi yao wakapelekwa Marekani. Huko, chama cha Cat Fanciers' Association kilianza kwa kuwakubali weupe peke yao, kisha wa rangi nyengine wakakubaliwa mwaka 1978.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiuziwa paka mweupe, piga makofi nyuma yake bila yeye kukuona, na usikanyage sakafu kwa nguvu, maana kiziwi huhisi mtikisiko. Akigeuza masikio, asikia, ingawa huenda ni kwa sikio moja. Akitokea kiziwi, usimtupe mtaani: hataisikia bodaboda ikija. Mfuge ndani, umwite kwa mwanga au kwa kugonga sakafu. Na mweupe wako usimpandishe kwa mweupe mwenziwe, kwani watoto wengi watarithi pazia lile lile.